Makopo matano ya bi mkubwa: jibu kwa dada wa Tanga aliyeuliza kuhusu virutubisho vya kinga

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikuweke sawa, umeniita daktari ila mimi ni mfamasia, kwahiyo kupima na kuandika dawa sio kazi yangu. Kazi yangu ni kujua kilichomo ndani ya kopo kinafanya nini kikiingia tumboni kukutana na vidonge vingine, na kwa swali lako hilo ndo lenyewe hasa.

Nifupishe ulichoniandikia ili na wengine wafuate. Mama ana miaka 74, ana sukari tangu 2012 na presha, anatumia metformin ya sukari, losartan ya presha na aspirini ile ndogo. Mwaka huu amepata mafua makali mara nne, UTI mara mbili, amepungua mpaka magauni yanamning'inia, na nyayo zinakufa ganzi. Jirani akamletea pakeji ya "kuamsha kinga": multivitamini ya watu wa 50 kwenda juu, zinki ya miligramu 50, vitamini C ya 1000 ile ya kuyeyusha kwenye maji, kapsuli za vitamini E 400 IU (IU ni kipimo cha dozi ya vitamini), na poda ya mitishamba ya magoti na kinga kwa pamoja. Laki mbili na themanini kila mwezi, na mwezi huu ni wa nne. Ganzi ilipozidi mkaambiwa sumu zinatoka. Unauliza aendelee au aache, na kama kuna kitu chochote ambacho kweli kinamwongezea mzee kinga.

Nakupa majibu ya haraka halafu tukae tuongee. Zinki, kuanzia kesho asubuhi asimeze tena. Vitamini E hivohivo. Vitamini C haitamuua ila kuna mambo mawili nitakwambia. Multivitamini amalizie kopo kama anaipenda. Poda USIIKATISHE GHAFLA kabla hujasoma nilichoandika huko chini, nakuomba sana. Na ganzi sio sumu inayotoka. Hakuna sumu inayotokea kwenye nyayo.

Sasa kinga ya mzee. Kifuani nyuma ya ule mfupa wa kidari kuna tezi inaitwa thaimasi, hiyo ndo kambi ya mafunzo ya seli T, askari wanaotambua na kupambana na virusi. Kambi hii inasinyaa kadiri umri unavyokwenda, hasa mtu akishabalehe, na akifika miaka ya mama yako sehemu kubwa imebaki mafuta tu. Maana yake askari wazee wapo, na wanakumbuka vizuri magonjwa ya zamani, ila kuruti wapya wanaingia wachache sana, kwahiyo kirusi kigeni kikija au chanjo mpya ikichomwa mwili unajibu taratibu na kwa nguvu ndogo kuliko wa kijana. Hapohapo kuna kitu kingine kinyume chake, mwili wa mzee unakuwa na moto wa chini kwa chini muda wote, kama mkaa uliofunikwa majivu, hauwaki ila hauzimi, na huo unachangia moyo, sukari, mifupa. Ndo maana neno "kuamsha kinga" linanichosha. Uamshe ipi? Ile iliyosinyaa hakuna kidonge kilichothibitishwa kinairudisha, na hii inayofukuta hutaki iamke zaidi. Watu wenye lupus na ile baridi yabisi ya kuvimba viungo wana kinga iliyoamka kupita kiasi, waulize kama wanaifurahia.

Virutubisho vinaingiaje hapo? Seli za kinga zinatengenezwa kwa protini, zinahitaji zinki, chuma, vitamini A, C, D, B6, B12, foleti, seleniamu na kadhalika, na ikikosekana mojawapo kinga inadhoofika kweli, hilo halina ubishi. Fundi akikosa saruji ujenzi unasimama. Ila saruji ikishatosha, ukimshushia mifuko mia mbili zaidi hakujengei ghorofa ya bure, unamzibia tu njia. Kwahiyo swali la kujiuliza kwa mama ni moja, amepungukiwa nini? Wauza pakeji hawaulizi hilo kwasababu jibu linatofautiana mtu na mtu na pakeji ni ileile.

Nikusimulie kisa kimoja maana huwa nawasimulia hata wanafunzi wanaokuja field kwangu. Mwaka 1992 jarida kubwa la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Dr Ranjit Chandra wa chuo kikuu cha Memorial kule Newfoundland, Canada. Wazee 96, nusu wamepewa mchanganyiko wa vitamini na madini, nusu vidonge visivyo na kitu. Baada ya mwaka, waliopewa vitamini waliugua maambukizi wastani wa siku 23, wenzao siku 48. Karibu nusu! Dunia ikashangilia, ikanukuliwa kila kona, na hoja ya "multivitamini inapunguza maradhi ya wazee" ikapata mguu wa kusimamia. Baadaye watafiti wengine wakaanza kuona takwimu zake haziingii akilini, makala yake nyingine ya 2001 kuhusu vitamini na kumbukumbu za wazee ikafutwa na jarida lililoichapa mwaka 2005, shirika la utangazaji la Canada, CBC, likarusha kipindi kuhusu yeye mwaka 2006. Mwenyewe alikana, akaishtaki CBC, akashindwa mahakamani 2015. Na 2016 Lancet wakaifuta rasmi ile ya 1992. Miaka 24 ilikuwa inatembea! Mpaka leo hoja yake unaisikia kwenye semina za hotelini, aliyesimama mbele na projekta hajui hata ilikotoka.

Na wengine waliojaribu kupima kitu hichohicho walipata nini? Aberdeen kule Scotland, matokeo yakatoka 2005, watu 910 wa miaka 65 kwenda juu wamekunywa multivitamini na madini au vidonge vitupu mwaka mzima, hakuna tofauti ya maana, si kwenye maambukizi si kwenye kwenda kwa daktari. Uholanzi 2002, watu 652 wa miaka 60 na zaidi wanaoishi makwao, multivitamini haikuzuia mafua wala vifua, na wale waliopewa vitamini E miligramu 200 walipougua waliugua VIBAYA zaidi, siku nyingi zaidi na homa zaidi. Nisiwe muongo, kuna upande wa pili, Boston 2004 kwenye nyumba za kutunzia wazee, vitamini E 200 IU kwa siku ilipunguza kidogo mafua ya kawaida, lakini maambukizi ya mapafu, ambayo ndo yanaua wazee, hayakupungua. Kwahiyo ukiweka kwenye mzani haujai. Na mama anameza 400, mara mbili ya walichopimiwa wale, juu ya aspirini, na vyote viwili vinafanya damu isigande haraka. Akijikwaa usiku akajigonga kichwa ndo utajua hesabu hiyo ina maana gani. Kuna utafiti mwingine Marekani, huo wa wanaume, vitamini E 400 IU kila siku iliwaongezea kansa ya tezi dume kwa asilimia 17, nautaja tu kwa wenye baba zao wanaoinywa kama peremende.

Usidhani hayo ni mambo ya Wazungu na miili yao. Hapahapa Dar es Salaam walifuatilia watu 3,418 wenye VVU wanaoanza ARV, nusu multivitamini ya dozi kubwa, nusu ya dozi ya kawaida. Ilibidi utafiti usimamishwe 2009 kabla ya muda kwasababu dozi kubwa haikuongeza faida yoyote na vipimo vya ini vilikuwa vinapanda zaidi. Hawakuwa wazee wote, na ni ugonjwa tofauti, ila ile imani yetu kwamba vitamini ikizidi mwili unakojoa tu basi, hapo ilijibiwa.

Haya tuje kwenye zinki, maana hapa nina ugomvi. Zinki ni nzuri, wazee wengi kweli wanapata pungufu, hasa anayekula uji na mkate zaidi ya nyama, dagaa na maharage. Utafiti wa Marekani wa 2007 ulichukua watu 50 wa miaka 55 mpaka 87, wakapewa miligramu 45 kila siku mwaka mzima, na waliougua maambukizi walikuwa asilimia 29 dhidi ya 88 kwa wasiopewa. Inavutia, lakini ni watu 50, na ndo hiyo unatajiwa kila siku. Mahitaji ya mwanamke mtu mzima ni kama miligramu 8 kwa siku, mwanaume 11, na ukomo wa juu uliowekwa Marekani ni 40 ukijumlisha chakula na vidonge. Mama anapata 50 kwenye kidonge, kuna nyingine kwenye multivitamini, na ya kwenye chakula juu yake. Shida ya zinki ikizidi kwa muda ni kwamba inazuia mwili kufyonza madini ya shaba, na shaba ikiisha unapata upungufu wa damu, seli nyeupe zinashuka, yaani KINGA INASHUKA, na mishipa ya fahamu inaharibika, miguu inakufa ganzi na kuyumba. Umeona tunakokwenda. Kuna watu walipata hayo Ulaya na Marekani kutokana na krimu za kubandikia meno ya bandia zilizokuwa na zinki, walikuwa wanapaka nyingi miaka na miaka bila kujua wanaimeza. Kwa mama miezi minne sio mingi na sidhani zinki ndo mchawi mkuu wa ganzi yake, ila sioni kwanini tuendelee kubahatisha.

By the way zile zinki za watoto wa kuharisha, za miligramu 20, ni za siku 10 mpaka 14 tu. Nasema kwasababu kuna wamama wananunua kwa ajili ya bibi, wanamalizia boksi na kurudi tena.

Na kuna jambo la zinki ambalo hukuliuliza. UTI ya kwanza alipewa dawa gani? Kama ilikuwa antibiotiki ya ciprofloxacin, yaani cipro, na kama aliimeza asubuhi pamoja na zinki na multivitamini kwa funda moja la maji kama wazee wetu wanavyopenda kumaliza vyote kwa mkupuo, basi kuna uwezekano dawa haikuingia mwilini vya kutosha. Zinki, chuma, kalisi na magnesia zinaikamata cipro tumboni zinatoka nayo. Doxycycline pia. Inatakiwa cipro inywewe angalau saa mbili kabla, au saa sita baada. UTI "iliyorudi" inaweza kuwa ileile haikuondoka.

Hapohapo kwenye UTI, na hapa nitawaudhi wenzangu wa maabara. Mzee wa kike mwenye bakteria kwenye mkojo sio lazima awe mgonjwa, wengi wanao na hawana dalili yoyote, na hao hawatakiwi kutibiwa. Kama hakuwa anaumia akikojoa, hana homa, haendi haja ndogo mara kwa mara kuliko kawaida yake, alienda tu kwa uchovu akapimwa mkojo akaambiwa UTI, mimi nisingemkimbizia antibiotiki. Pia mwambie anayepima kwamba mama anakunywa vitamini C ya 1000, kwasababu ikijaa kwenye mkojo inaweza kudanganya kile kijiti cha kupimia, kikaonyesha hakuna sukari wala damu kumbe vipo. Hilo ndo jambo la kwanza kati ya yale mawili. La pili, tembe ya kuchemka kwenye maji inachemka kwasababu ina magadi ndani, yaani sodiamu, na mama ana presha. Kama anaipenda kwa ladha, pera moja linamtosha kwa siku na chenji inabaki, gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C. Ubuyu upo, papai lipo. Uthibitisho wa vitamini C kwa mafua unasema ukinywa kila siku haizuii kuugua, inafupisha tu siku za mafua kwa asilimia kama 8 kwa mtu mzima. Mafua ya siku saba unaokoa nusu siku.

Sasa ganzi, maana naona ndo jibu lako limelala hapo. Mama yuko kwenye metformin zaidi ya miaka kumi. Metformin ni dawa nzuri sana, asije akaiacha kwasababu ya maneno yangu, lakini ikitumika muda mrefu inapunguza ufyonzaji wa vitamini B12. Ongeza umri, tumbo la mzee linatoa asidi kidogo na B12 ya kwenye nyama haibanduki vizuri. Na kama anakunywa omeprazole za kiungulia kimyakimya, wengi wanakunywa, muulize, hiyo ni sababu ya tatu. B12 ikipungua unapata ganzi miguuni, uchovu, kusahau, damu kupungua, ulimi kuwaka, na watu wanasema aah sukari hiyo imeshafika miguuni. Inaweza kweli kuwa sukari. Inaweza kuwa B12. Inaweza kuwa vyote. Tofauti ni kwamba ya B12 inatibika kwa bei ya soda ila ukichelewa mishipa inaweza isirudi. Uingereza tangu 2022 mamlaka yao ya dawa imewashauri madaktari wapime B12 kwa mtu yeyote wa metformin mwenye dalili kama hizi. Kwahiyo kipimo cha kwanza ni hicho, maabara kubwa wanacho, sio rahisi sana kwa bei lakini hakifikii bei ya pakeji. Ikionekana imeshuka daktari ataamua sindano au vidonge vya maikrogramu 1000, vyote vinafanya kazi. Ila usikimbilie kununua B kompleksi za dozi kubwa kichwakichwa, B6 ikizidi kwa muda nayo inaleta ganzi. Ndio, dawa ya ganzi inaleta ganzi, dunia ina vituko.

Halafu kupungua mwili. Umeandika anakunywa uji asubuhi, chai na mkate saa kumi, usiku wali kidogo na mchuzi, nyama haimo kwasababu meno yameisha. Mdogo wangu, hapo ndo pengo lenyewe! Kingamwili ni protini. Mzee anahitaji kama gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, mama umesema ana kilo 52, kwahiyo gramu 52 mpaka 62 kwa siku. Kwa chakula ulichonitajia nikikadiria hafiki hata nusu. Mayai mawili ni kama gramu 12, glasi ya maziwa au mtindi 8, kikombe cha maharage yaliyoiva na kupondwa 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20. Jumla 55. Tanga mna samaki jamani. Dagaa wasage unga, tia kwenye uji, tia kwenye mchuzi, hawahitaji meno, na wanakuja na B12, zinki na kalisi yao humohumo. Maini laini mara moja kwa wiki. Mbegu za maboga zilizosagwa. Kama figo zake zina shida, hesabu hii inabadilika, ndo maana kreatinini, kipimo cha figo, ipimwe kwanza, na kwa miaka yote hiyo ya sukari na presha inatakiwa ipimwe hata bila mimi kusema. Na ule uji wa nafaka kumi na mbili wa mtaani, uwe makini na karanga na mahindi yaliyokaa, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara 2016. Uji wa vitu vitatu visafi unatosha.

Kupungua mwili kwa mzee nisimalizie kwenye chakula tu. Apimwe sukari ile ya miezi mitatu, kwasababu sukari ikiwa juu seli nyeupe zinafanya kazi kivivu na bakteria wanapata chakula kwenye mkojo, na mafua na UTI za mara kwa mara kwa mtu wa sukari mimi hapo ndo naangalia kabla ya kitu kingine chochote. Kama ana kikohozi cha wiki mbili apimwe TB. Na apimwe VVU. Najua, ni mama, ni mjane, ni mtu wa swala tano. Wazee wanarukwa kwenye kipimo hicho kwasababu tunaona aibu kuwaambia, na wanaishia kugundulika wameshachelewa. Mwambie daktari amwambie, wewe toka nje.

Poda sasa. Hukunitumia picha, umesema kopo lina karatasi yenye mlima na maneno ya kigeni, halina orodha ya kilichomo, na magoti "yalipona ndani ya siku tatu". Siku tatu ndo zinanitisha. Mitishamba haiponyeshi magoti ya miaka ishirini kwa siku tatu, ila dexamethasone, dawa ya kundi la steroidi, inaweza kutuliza maumivu hivo. Sisemi hiyo ya mama inayo, sijaiona. Nasema jambo hili lipo, 2022 mamlaka ya Marekani FDA walipima bidhaa za magoti zinazoitwa Artri King zinazouzwa kama sapulimenti za asili, wakakuta diclofenac, dawa ya maumivu, na dexamethasone ambazo hazikuandikwa popote. Ikiwa poda ina steroidi basi fikiria, inapandisha sukari, inapandisha presha, na inashusha kinga. Yaani mngekuwa mnalipia pesa kununua UTI. Na diclofenac pamoja na losartan kwenye figo za mzee, sitaki hata kufikiria. Angalia kama uso umekuwa wa duara, kama ngozi ya mikono inachubuka na kuvilia damu kirahisi, kama sukari imepanda tangu aanze.

Kwanini nilisema usikatishe ghafla? Mtu aliyetumia steroidi miezi, tezi zake zinazotengeneza ya asili zinalala, ukizima ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kuanguka, hata kufa. Kwahiyo hiyo poda inakwenda na mama hospitali, ndani ya kopo lake, wiki hii hii sio mwezi ujao, na daktari ndo aamue inaachwaje. Akianza kutapika au kulegea kabla ya siku hiyo, ni emajensi.

Vitamini D hukuitaja ila najua utauliza, kila mtu anauliza tangu korona. Huku kwetu jua ni bure, walipowapima Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kwa mila zao walikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho Wazungu wengi hawakipati bila kidonge. Ila mzee anayeshinda ndani, amejifunika, anatoka jioni tu, huyo jua linamkosa kama mtu wa London, na ngozi ya mzee inatengeneza kidogo. Kwa kinga, faida iliyowahi kuonekana ilikuwa zaidi kwa waliopungukiwa sana na waliokunywa dozi ndogo kila siku au kila wiki. Australia waliwapa watu zaidi ya 21,000 wa miaka 60 kwenda juu dozi kubwa ya mwezi, IU 60,000, miaka mitano, haikuwakinga na maambukizi ya njia ya hewa. Na Dar walijaribu kwa watu 4,000 wenye VVU waliokuwa na kiwango cha chini, haikupunguza vifo wala TB. Kwahiyo mtoe barazani asubuhi nusu saa, mikono na miguu wazi, na kama daktari ataona anahitaji vidonge basi vya kila siku vya IU 800 au 1000. Zile sindano za dozi ya mwaka mzima kataa, kuna wanawake wa Australia walipewa IU laki tano za kumeza kwa mpigo mmoja kila mwaka wakaanguka na kuvunjika zaidi ya wasiopewa.

Umeuliza kama kuna chochote kinachoongeza kinga kweli. Chanjo. Ulizia ya nimonia na ya mafua ya msimu kwenye hospitali kubwa au kliniki za chanjo za wasafiri, ya korona pia kama hakumaliza. Sio bei rahisi zote, lakini heri hela ya pakeji iende huko. Kutembea pia, walipowapima waendesha baiskeli 125 wa miaka 55 mpaka 79 Uingereza walikuta thaimasi zao bado zinatoa seli T kama za vijana, sisemi mama apande baiskeli, azunguke tu mtaa asubuhi na wajukuu. Na kama jiko ni la kuni ndani, moshi huo unamuumizia kifua kuliko unavyodhani. Maji anywe mchana, wazee wanajinyima maji wasiamke usiku, halafu mkojo unakaa.

Jirani msimgombeze sana, inawezekana na yeye kalishwa hayo maneno na amewekeza hela yake. Muulize tu namba ya usajili ya hiyo poda. Tangu 2019 dawa ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na vyakula chini ya TBS, shirika la viwango, na kila upande unaweza kuulizia. Akikwambia "hii ya asili haihitaji usajili", umepata jibu.

Siku ya kwenda hospitali beba MAKOPO YOTE MATANO kwenye mfuko mmoja pamoja na dawa zake za sukari na presha, na hata kile asichokwambia, fungua ile droo ya kitandani kwake. Omba FBP (kipimo cha damu nzima), sukari ya miezi mitatu, kreatinini na potasiamu kwasababu ya losartan, B12, na kuotesha mkojo, yaani kukuza bakteria maabara, kama dalili zipo. Mpimeni uzito kwa mzani uleule kila mwezi uandike ukutani. Majibu ya B12 na hemoglobini yakitoka niandikie, na picha ya hilo kopo la poda piga pande zote, mpaka chini. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie dagaa wa kusaga asiwakunjie uso, atie ndimu.